Harmonika Hutamkwa: Ulimi, Koo na "Takataka"

Piga tundu la 4 la harmonika, kinanda kidogo cha mdomo, kwa kupuliza, noti nane mfululizo, bila kuutumia ulimi. Utasikia "huu-huu-huu": kila noti inaanza kwa mvumo wa hewa, inavimba katikati, kisha inafifia. Huwezi kunyoosha kidole na kusema noti imeanzia hapa. Sasa piga nane zilezile ukinong'ona "tu-tu-tu-tu" ndani ya pumzi moja isiyokatika. Noti zinasimama mojamoja kama shanga. Mara ya kwanza pumzi ilisukumwa mara nane. Mara ya pili ilisukumwa mara moja na ulimi ukaikata vipande. Mengine yote yaliyomo humu ni namna ya kuilinda tofauti hiyo pale inapopenda kuvunjika: upande wa kuvuta, kwenye noti za chini, kwenye kasi, na mwisho wa noti.

Harmonika inayozungumziwa ni ile ndogo ya matundu 10, dayatoniki (yaani yenye noti za ngazi moja), ya ufunguo wa C, isipotajwa nyingine. Ndani yake mna vipande 20 vyembamba vya shaba, kila tundu likiwa na kimoja cha kupuliza na kimoja cha kuvuta. Wapo wanaoviita ndimi, jina linalovuruga kwa kuwa ulimi wa mpigaji nao umo kazini, basi hapa tuviite vilimi. Ulimi wako haukigusi kilimi wala haukigongi. Kilimi huanza kutetemeka pale shinikizo la hewa linapobadilika upande mmoja wake. Kutamka noti, kwa hiyo, ni kuamua hewa ifunguliwe kwa ghafla kiasi gani, na ifunguliwe ukiwa umeizuia wapi.

Mahali pa kuizuia si pengi. Midomo haimo, kwa sababu imeshikwa na kazi ya kuzunguka tundu. P na B zisahau. Inabaki ncha ya ulimi (T, D, L), mgongo wa ulimi kwa nyuma (K, G), koo lenyewe, na kiwambo chini ya mapafu, kile kinachoruka ukicheka "ha-ha-ha". Kiwambo hutoa noti zenye uzito na pumzi ndani yake, nzuri kwa wimbo wa taratibu, ila hakina mbio na kinakula hewa. Konsonanti kama S na CH huacha mkwaruzo unaosikika kuliko noti yenyewe. N ni mtego: ukitamka N, kaakaa laini hushuka na hewa hupenya puani. Kama noti zako zinasikika dhaifu na hujui sababu, bana pua kwa vidole viwili huku ukipiga. Sauti ikiongezeka ghafla, pua inavuja, na hakuna zoezi la ulimi litakalokusaidia kabla hujaziba pale.

Tuanze na T. Ncha ya ulimi iguse ufizi nyuma tu ya meno ya juu, pale inapogusa ukisema "tatu". Eneo la mguso liwe dogo, upana wa kichwa cha kiberiti. Ulimi ukiachia, ushuke milimita mbili au tatu, usishuke hadi sakafu ya mdomo. Ukishuka mbali unakuwa na safari ndefu ya kurudi, na kila mara nafasi iliyo ndani ya mdomo inabadilika ukubwa, jambo linaloyumbisha rangi ya sauti kutoka noti hadi noti. Taya lisitembee kabisa. Weka kidole chini ya kidevu. Kikisukumwa, ulimi wako unafanya kazi kwa msaada ambao haukuombwa.

Kosa la kawaida la T ni mlipuko. Mpigaji anadhani noti iliyo wazi ni noti iliyopigwa kwa nguvu, anakusanya hewa nyuma ya ulimi na kuiachia kwa kishindo. Kiswahili kina kipimo kizuri cha jambo hili. Wanaotofautisha paa wa porini na paa la nyumba kwa matamshi humtaja mnyama kwa mpumuo, na la nyumba hulitaja bila mpumuo. T ya harmonika iwe ya ukoo wa paa la nyumba. Weka nyuma ya kiganja sentimita tano mbele ya mdomo, useme "ta-ta-ta-ta" kwa kunong'ona: upepo uwe mtiririko mmoja wenye mikato, usiwe ngumi nne zinazopiga ngozi. Ukishaupata hivyo, leta harmonika mahali pa kiganja bila kubadilisha chochote. Wengi hubadilisha. Harmonika ikifika tu mdomoni, nguvu inaongezeka yenyewe.

D ni T iliyolainishwa, mguso wa muda mfupi zaidi. L ni laini zaidi ya hapo, kwa sababu ncha inagusa lakini hewa inaendelea kupita pembeni mwa ulimi, na noti inainama kidogo bila kukatika. Kwa wimbo wa kuimbika, "la-la-la" au "da-la-da-la" mara nyingi ni bora kuliko T tupu. T kwenye kila noti huufanya wimbo usikike kama mashine ya kuchapa. Hili ni la mapenzi, lakini tutalisema: mpigaji anayejua T peke yake anachosha masikio haraka kuliko asiyejua kutamka kabisa.

Kisha upande wa kuvuta, na hapa ndipo pana shughuli. Maisha yetu yote tunazungumza hewa ikitoka. Mdomo haujafundishwa kusema "ta" hewa ikiingia. Basi ufundishe kwanza bila chombo. Fanya tundu dogo kwa midomo kama unayevuta kinywaji kwa mrija, vuta hewa taratibu kwa sekunde nne, na katika mvuto huo mmoja gusa ufizi mara nane. Utasikia "th-th-th" ndogo za upepo. Sikiliza kama mvuto wenyewe unaendelea nyuma ya miguso. Kwa wengi hausikiki hivyo: kifua kinasimama kila ulimi unapogusa, kisha kinaanza upya. Hiyo ni ile "huu-huu" ya mwanzo imerudi kwa mlango wa nyuma. Kifua kiendelee kuvuta. Ulimi pekee ndio ukatishe.

Sasa tundu la 4 kwa kuvuta, ambalo hutoa noti ya D na lina tabia njema. Likikaa sawa nenda la 5 na la 6, halafu la 3, na mwisho la 2 na la 1. Mpangilio huu una sababu. Ulimi ukiwa umeziba huku kifua kinavuta, nyuma yake pananyonywa. Ukichelewa kuachia, mnyonyo unakuwa mkubwa, na hewa ya nje ikifunguliwa inaingia kwa kishindo. Kilimi kirefu cha chini kinasukumwa moja kwa moja ndani ya mpenyo wake, uwazi uliokatwa chini yake, na kukwama kwa kitambo kabla ya kuanza kutetemeka. Unachosikia ni "kh" halafu noti. Tundu la 2 kwa kuvuta ndilo linaloonewa zaidi. Watu hudhani limeharibika, wanabadilisha harmonika, na tatizo linahamia kwenye harmonika mpya.

Mnyonyo huohuo huivuta ncha ya ulimi kurudi nyuma na kuuinua mgongo wake. Huo ni karibu mkao uleule wa kupinda noti, yaani kuishusha sauti yake kwa ulimi. Tundu la 2 kwa kuvuta hutoa noti ya G, na linaweza kupindwa hadi F, nusutoni mbili chini (nusutoni ni hatua moja ndogo kati ya noti na noti). La 3 ni B na hushuka hadi nusutoni tatu. Kwa hiyo T iliyokazwa hapo huanza noti ikiwa chini, kisha inapanda mahali pake, "dyuu". Katika bluzi mtu anaweza kuitaka kwa makusudi. Isipokusudiwa inasikika kama harmonika iliyotoka kwenye sauti. Washa kipima noti kwenye simu, piga T nane kwenye tundu la 2 kwa kuvuta, na uangalie sindano mwanzoni mwa kila noti. Ikianzia kushoto na kupanda kila mara, lainisha T iwe D, shusha ulimi uwe bapa kama unayepiga mwayo mdomo ukiwa umefungwa, na punguza nusu ya nguvu ya mvuto. Punguza nusu kweli, robo haitoshi.

Hapa D ya Kiswahili ina msaada wake. Wasemaji wengi huitamka koo likishuka kidogo, hewa ikielekea ndani badala ya kutoka. Upande wa kuvuta mwelekeo huo unakubaliana na kazi, na noti inaanza bila kishindo. Upande wa kupuliza haukubaliani, na noti huweza kuchelewa kidogo. Ukijisikia mzito kwenye kupuliza huku kuvuta kukienda vizuri, jaribu T nyepesi kwa kupuliza na D kwa kuvuta.

Irabu inayofuata konsonanti si pambo, kwa kuwa ndiyo inayoamua ukubwa wa nafasi ndani ya mdomo noti ikiwa inalia. Matundu ya 1 hadi 3 yanataka nafasi kubwa: "to", "tu". Ya 4 hadi 6 yanatosheka na "ta" au "te". Kuanzia la 7 kwenda juu sema "ti", ulimi ukiwa karibu na kaakaa. Ukisema "to" kwenye tundu la 10, kilimi kidogo mara nyingi hugoma au hulia kwa kuchelewa.

Kasi ikiongezeka, T peke yake inafika mwisho wake. Noti nne kwa pigo, metronomu (kifaa kinachohesabu mapigo) ikiwa 60 kwa dakika, ni noti nne kwa sekunde, na kila mtu anaweza. Ikiwa 120 ni noti nane kwa sekunde, na hapo ncha ya ulimi ya watu wengi huanza kugongana na yenyewe. Ndipo inapokuja zamu ya K kupokezana na T, na hapa msemaji wa Kiswahili ana utajiri ambao hajui kuwa anao. Wapigaji wa filimbi na tarumbeta hufundishwa silabi zisizo na maana, sisi tunazo kamusini: takataka, teketeke, tikitiki, tukutuku. Huko kupokezana kwa T na K, kunakoitwa ulimi mara mbili, kumo ndani yake tayari, karibu kila irabu na neno lake. Tukutuku kwa matundu ya chini, takataka na teketeke kwa ya kati, tikitiki kwa ya juu. Kwa noti tatutatu kuna "takata" na "tokota". Ukirudia "takata takata" utakutana na T mbili mfululizo pale maneno yanapoungana. Kwa kasi ya wastani hazina shida, na zinasaidia kuonyesha pigo linapoanzia. Kasi ikizidi, badili iwe "takata-kataka", T na K zikipokezana bila kukutana.

Tatizo la takataka ni K. Ni silabi ya pili katika kila jozi, haipati mkazo, na kwenye harmonika inatoka dhaifu na kuchelewa, kwa hiyo badala ya noti nne zilizo sawa unasikia jozi mbili zinazochechemea. Dawa ni kuifanyia kazi K peke yake. Piga tundu la 4 kwa "ka-ka-ka-ka" tu, metronomu 60, noti mbili kwa pigo, kwa dakika mbili. Halafu geuza neno liwe "katakata", ili K ndiyo ibebe pigo. Ukirudi kwenye takataka utaona jozi zimenyooka. Rekodi na usikilize kwa mwendo wa nusu. Programu nyingi za simu zinaweza. Masikio hayadanganyiki kwa mwendo huo.

Mahali pa K pia pasogezwe. K ya mazungumzo hugusa kaakaa laini, mbali nyuma. Kwa harmonika ilete mbele kadiri ulimi unavyoruhusu, karibu na pale inapogusa ukisema "kiki". K ya mbele ni fupi, haina mkoromo, na haiburuzi mate kwenda kooni wakati wa kuvuta. Ila tahadhari: kadiri K inavyokaribia mahali pa kupinda noti, ndivyo sauti inavyoshuka. Mahali hapo hubadilika kufuatana na tundu, nyuma kwa noti za chini na mbele kwa za juu. Matundu yanayopindika ndiyo ya kuangaliwa: la 1, 2, 3, 4 na 6 kwa kuvuta, na la 8, 9 na 10 kwa kupuliza. Tikitiki kwenye tundu la 9 kwa kupuliza inaweza kukuletea noti ya G na noti ya G iliyoshuka kwa kupokezana, na ukadhani sikio ndilo lenye kosa. Kwenye matundu hayo tamka G badala ya K, "tigitigi", ulimi ukigusa kwa nusu tu ya nguvu. Tundu la 5 kwa kuvuta halishuki hata nusutoni kamili, kwa hiyo ni mahali salama pa kujifunzia takataka ya kuvuta.

Kuna hesabu moja inayoeleza kwa nini noti za chini hazikubali kasi. Tundu la 1 kwa kupuliza ni C ya mitetemo 262 hivi kwa sekunde. La 10 ni C iliyo oktava tatu juu, takriban 2093. Tuseme kilimi kinahitaji mitetemo kumi ili sauti yake isimame. Cha chini kitachukua milisekunde 38, cha juu milisekunde 5. Katika kasi ya 120, noti nne kwa pigo, kila noti ina milisekunde 125. Kwa hiyo chini kabisa karibu theluthi moja ya noti inakwisha kabla haijasema neno. Ulimi mkali zaidi hauwezi kulipa deni hilo. Kinacholipa ni kufupisha ukimya kati ya noti, yaani D na G badala ya T na K, ili kilimi kisipate muda wa kutulia kabisa. Kwenye harmonika ya ufunguo wa G, inayoanzia mitetemo 196, shida huzidi. Mtu anayejifunza takataka kwa harmonika ya chini anajitafutia taabu. Ya ufunguo wa C au D ni rahisi zaidi.

Wakati mwingine kosa ni la chombo. Kila kilimi kimeinuliwa kidogo juu ya mpenyo wake, na kwenye ncha uwazi huo kwa kawaida unakaribiana na unene wa kilimi chenyewe. Ukiwa mdogo kupita kiasi, T kali inakifunga na noti inakwama. Ukiwa mkubwa, noti inaanza kwa upepo na kuchelewa. Dalili ni hii: noti ikikwama kwa T lakini ikilia kwa "ha" ya taratibu, uwazi ni mdogo. Ikichelewa kwa vyote viwili na kula hewa nyingi, ni mkubwa. Fungua skrubu za vifuniko. Sahani ya juu ndiyo ya kupuliza na vilimi vyake viko upande wa ndani. Ya chini ni ya kuvuta na vilimi vyake vinaonekana nje. Kwa kijiti cha kuchokolea meno kiinue au kikandamize kilimi karibu na shina lake, kidogo sana, mara kadhaa, ukijaribu sauti kila baada ya mguso. Usikunje katikati. Lakini kabla ya skrubu, gonga harmonika kiganjani matundu yakiangalia chini. Mara nyingi noti inayochelewa ni tone la mate, na T nyingi huleta mate mengi.

Sasa mwisho wa noti, ambao hausemwi sana. Noti inaweza kuachwa ife kwa pumzi kupungua, au inaweza kufungwa. Kwa noti fupi zilizo kavu, stakato, lazima ifungwe: "tut", "dat", ulimi ukirudi ufizini na kukaa hapo. Na hapa lugha inageuka adui. Silabi za Kiswahili huisha kwa irabu, na mdomo uliozoea hivyo hauamini kwamba neno limekwisha kwa T. Unafunga, kisha unaachia: "tuti". Ile "i" ndogo kwenye harmonika ni noti ya pili, mdoko mfupi baada ya noti uliyokusudia. Wapigaji wengi wanayo na hawaisikii mpaka warekodi.

Tafuta msaada kwenye maneno ya mkopo. Sema "maktaba" polepole na usimame kati ya K na T: "mak". Mgongo wa ulimi umeziba, hakuna sauti, hakuna hewa, na hujaachia. Mkao huo ndio ukimya wa stakato. "Daktari" nalo linao. Fanya hivyohivyo kwa ncha ya ulimi kwenye tundu la 4: metronomu 60, noti iishe robo ya pigo, robo tatu zilizobaki ulimi ukae umeziba. Usilegeze midomo wala kuondoa harmonika. Shinikizo la hewa linabaki nyuma ya ulimi likingoja, dogo, na noti inayofuata inaanza kwa kufunguliwa tu. Ukilegeza kifua katika ukimya ule, noti ya pili itachelewa. Kwenye mwisho wa wimbo, au sentensi ya muziki, usifunge kwa ulimi. Mkato wa ghafla baada ya noti ndefu unasikika kama mtu aliyenyang'anywa chombo. Acha pumzi ipungue, au funika kwa viganja.

Wanaoziba kwa ulimi wanauliza, kwa haki, ncha yao itasemaje T wakati imekaa juu ya matundu. Haitasema. Mtindo huu hufunika kwa midomo matundu matatu au manne, ulimi unaziba ya kushoto, na hewa inapita kona ya kulia. Ncha imeshikwa, lakini mgongo uko huru, kwa hiyo K na G zinafanya kazi, pamoja na koo. Mkato wa koo ni ule wa "a-a" ya kukataa, pale katikati ambapo sauti inakatika ghafla. Fanya huo bila sauti, kama kikohozi kidogo kisichofika popote. Una faida kwamba haugusi ulimi kabisa, hivyo haupindi noti; hasara ni kwamba ukikazwa unachosha koo na huanza kusikika kama kwikwi.

Mtindo huu una mkato wake wenyewe ambao hakuna T inayoweza kuuiga: kofi la ulimi. Kwa tundu la 4 kwa kuvuta, zungushia midomo tundu la 1 hadi la 4, ulimi ukiwa hewani. Anza kuvuta, noti zote nne zinaanza, D, G, B na D, ambazo zinapatana. Papo hapo ulimi unaanguka juu ya 1 hadi 3 na kubakisha la 4 peke yake. Sikio linasikia noti moja yenye mwanzo mnene. Ulimi ukichelewa unasikia noti nne halafu moja, vitu viwili tofauti. Ukiwahi, kofi halipo. Ulimi utue bapa, kwa sehemu iliyo nyuma kidogo ya ncha. Ukichongoka unaziba matundu mawili tu na la tatu linavuja.

Jambo jingine linalopuuzwa ni kwamba kugeuza pumzi kwenyewe ni mkato. Ngazi ya C kutoka tundu la 4 ni: puliza 4, vuta 4, puliza 5, vuta 5, puliza 6, vuta 6, vuta 7, puliza 7. Karibu kila noti inageuza hewa, kwa hiyo tayari zimetengana, na T juu yake ni kuongeza chumvi penye chumvi. Hapo kazi ni kuziunganisha: geuza pumzi haraka, koo wazi, bila kusukuma. Lakini kati ya vuta 6 na vuta 7 hewa haigeuki na midomo inahama. Usipotamka, utasikia matundu mawili kwa pamoja wakati wa kuhama. D nyepesi iwekwe hapo hasa, ulimi ukiziba wakati midomo inavuka na kufungua ikishafika. Mpigaji anayejua mahali pa kuweka D hiyo moja atasikika safi kuliko anayeweka T nane.

Kwenye kromatiki, harmonika yenye nusutoni zote, ya matundu 12 na vilimi 48, mambo ni yaleyale isipokuwa mawili. Kitufe cha nusutoni kinapaswa kubonyezwa ulimi ukiwa umeziba, la sivyo noti mbili zitasikika zikiteleza. Na vipande vya plastiki vinavyozuia hewa isivuje hunata vikipata unyevu vikiwa baridi, kwa hiyo T inatoa mdoko kabla ya noti. Ipashe moto harmonika viganjani kwa dakika kumi hivi kabla ya kuulaumu ulimi.

Zoezi linalokusanya haya yote ni mwendo wa treni, ule uliompa jina mpiga harmonika DeFord Bailey kwenye Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha muziki kule Nashville, Marekani, katika miaka ya 1920. Midomo kwenye matundu ya 1 hadi 3. Vuta "ta-ka", puliza "ta-ka", noti nne kwa pigo, metronomu 60, mkazo kwenye T ya kuvuta. Mivuto miwili kwa mipulizo miwili inaweka mapafu mahali pamoja, na unaweza kuendelea dakika tano bila kuhema. Ukijikuta umejaa hewa, unavuta kwa nguvu kuliko unavyopuliza, basi punguza mvuto au achia kidogo puani. Pandisha metronomu kwa hatua za mapigo 4, usipande mpaka dakika nzima iwe safi. Mahali treni inapokatikia ni palepale kwa karibu kila mtu: pumzi inapogeuka baada ya K, ulimi unafungua T kabla kifua hakijamaliza kugeuka, na noti ya kwanza ya upande mpya inameza mwanzo wake. Rudi nyuma hatua mbili na uicheleweshe T hiyo kwa makusudi mpaka uihisi hewa ikikusukuma ulimi kutoka upande mpya, ndipo uachie.